Mshenga wa Kigiriki

Mimi ni msomi wa Kilatini na Kigiriki cha kale, nimezaliwa na kulelewa Eastlands, na kama unataka kucheka basi cheka umalize tuendelee. Watu wa mtaa wetu walicheka zamani wakachoka. Mimi niliomba kusomea sheria, lakini chuo kikuu kikaona ninafaa mahali pengine. Mama aliniuliza hicho Kilatini ni nini, nikamwambia ni lugha. Ya watu gani? Ya Warumi wa kale. Wanaishi wapi siku hizi? Nikamwambia walikwisha. Jumapili iliyofuata wanawake wa jumuiya, wale wa kanisa letu wanaosali nyumba kwa nyumba, walikuja kwetu na unga na sukari kunipa pole. Mama alikuwa amewaambia kwamba mtoto wake amepelekwa kusomea lugha ambayo wenyewe wamekufa wote.

Darasani tulikuwa wanne. Mmoja aliingia seminari, na leo ni padri mnene mwenye furaha. Mwingine alipata nafasi ng'ambo, akachukua uzamifu, na sasa anafundisha Kilatini vijana wa Kizungu. Hututumia picha za theluji kana kwamba tumemwomba. Tukabaki wasichana wawili, mimi na rafiki yangu wa Mathare. Yeye ni mrefu, mpole, mtu wa kufikiri kabla ya kusema. Mimi ni mfupi na mdomo ninao. Kilatini kilimwingia vizuri kutuzidi sote, lakini Kigiriki kilimkataa katakata, nikawa namfundisha chini ya ngazi za maktaba, nikimkaripia naye akivumilia. Mama yake alimlea peke yake, akafariki tukiwa mwaka wa mwisho. Tangu hapo hakuwa na mtu.

Tulipohitimu tuligundua kwamba nchi haikuwa ikitungoja. Tukawa wahadhiri wa muda katika vile vyuo vya mjini vinavyopanga ghorofa juu ya maduka. Nimefundisha Stadi za Mawasiliano juu ya duka la vipuri vya magari. Nimefundisha Maadili juu ya bucha, na kila nilipofika kwenye mada ya dhamiri, shoka la mwenye bucha lilikuwa linagonga mfupa huko chini. Kilatini hakuna aliyenitaka nikifundishe. Na jambo moja ambalo watu hawalijui kuhusu mhadhiri wa muda ni kwamba hana pa kuketi. Unaingia darasani mwenzako akitoka, ukimaliza unaondoka na virago vyako. Ofisi zipo, ila ufunguo ni wa watu wa kudumu. Mitihani nimeisahihisha kwenye ngazi, kwenye kibanda cha bawabu, na mara nyingine kwenye benchi la nyuma kanisani wakati kwaya inafanya mazoezi. Kama kuna mwanafunzi alipewa alama nyingi kuliko alizostahili, aishukuru sauti ya pili.

Kisha profesa wetu akatangaza kwamba anastaafu. Idara yenyewe ilikuwa ni yeye, chumba kimoja, kiti, na kabati la vitabu vya Kigiriki. Chuo kikuu kikatangaza nafasi moja ya kudumu ya kuchukua mahali pake. Moja. Tulijua wote wawili maana yake. Atakayeipata ataishi na lugha zake mpaka uzee. Atakayeikosa atarudi juu ya bucha, na Kigiriki atakuwa akijisomea mwenyewe usiku kama mtu mwenye tabia mbaya.

Nilikutana na rafiki yangu sokoni Gikomba, sote tukipekua makoti ya mitumba.

"Niaje," akasema.

"Poa. Umeitwa intavyuu?"

"Nimeitwa. Wewe?"

"Hata mimi."

Tukaendelea kupekua. Hakuna aliyejua aweke macho wapi. Mwishowe yeye akachomoa koti la bluu nyeusi, zuri ajabu, vifungo vyote vipo, akaniwekea kifuani. "Hili litakukaa," akasema. Nililichukua haraka kabla hajabadilisha nia. Yeye akanunua la kahawia lenye mabega mapana.

Sasa, kosa lilikuwa kumwambia mama. Mama ni Mluhya wa kanisa, mjane wa karani wa reli, na habari ikimwingia yeye imeingia jumuiya nzima. Kufika jioni, mshenga alikuwa mlangoni.

Huyu mshenga ni mzee Mkamba, jirani yetu, dereva mstaafu wa kanjo, yaani baraza la jiji. Kuendesha gari la taka ndiyo kazi iliyomlisha, lakini kazi aliyoumbiwa ni kuzungumza mahari. Vijana wa mtaa wakitaka kuoa, humchukua yeye atangulie mbele. Wasichana wakija kuposwa, wazazi humwita yeye apokee wageni. Anajua kila kabila linataka kusalimiwaje. Anajua wakati wa kukohoa. Na desturi anaishika bila kuipunguza: binti hukaa chumbani kimya mazungumzo yakiendelea, wageni wameweka mkate na soda mezani na hakuna anayegusa, mpaka mwisho kabisa binti aulizwe swali moja tu. Hawa watu unawajua? Tule mkate wao? Akisema nawajua, mkate unakatwa, mambo yamekwisha.

Mzee akavua kofia, akaketi, akaniuliza, "Upande wao watakuwa watu wangapi?"

"Ni jopo la mahojiano, mzee. Watano hivi."

"Na upande wetu?"

"Ni mimi."

"Wewe ndiye binti. Nauliza watu."

Nikamweleza kwamba hii ni kazi, si ndoa. Akanisikiliza kwa huruma. Akasema, "Mwanangu, unatoka kwenu, unaingia kwa wengine, unakaa huko mpaka uzeeke, na ukikosana nao unarudi hapa na sanduku. Nieleze tofauti iko wapi." Nami, na shahada zangu mbili, nikaachana naye. Nilimgeukia mama nikamkataza waziwazi: asije mtu. Mama akasema, "Sawa." Alisema upesi mno. Mtu anayemjua mama angeshtuka pale pale.

Siku ya intavyuu nilikuwa kwenye benchi la ukumbini, ghorofa ya juu, koti langu la bluu limenikaa sawasawa, rafiki yangu kando yangu na yale mabega yake. Mara nikasikia kikohozi kwenye ngazi, na kile kikohozi nakijua.

Walikuwa wamekuja na gari la kanisa, mzee mwenyewe akiendesha. Baadaye nilisikia kwamba askari wa getini aliwauliza wanaenda mazishi au harusi, mzee akamjibu, "Bado hatujajua," na yule askari akafungua geti. Mbele mzee, suti na fimbo. Nyuma yake mama kwa leso yake ya sikukuu. Nyuma ya mama wanawake wawili wa jumuiya wamebeba kikapu: mkate, soda, chupa ya chai. Nilishika kichwa. Kama pangekuwa na dirisha la karibu ningelifikiria.

Mzee akatusalimia kwa mkono. Kisha akamtazama rafiki yangu. "Na wewe, binti, watu wako wako wapi?"

"Sina watu, mzee. Nimekuja na miguu yangu."

Mzee alimgeukia mama, na uso wake ulikuwa umebadilika. Nimemwona mzee huyu akiambiwa mahari isiyowezekana hata kidogo na asitikisike. Hili lilimtikisa. "Hakuna binti anayeingia kwa wenyewe peke yake," akasema. "Hata kama ni wa upande mwingine. Ni aibu yetu sote." Papo hapo akaanza kutugawanya. Mwanamke mmoja wa jumuiya huku, mmoja kule. Mkate ukakatwa nusu kwa kisu cha mfukoni. Na kabla hajafika kwa mama, mama alikuwa ameshahama mwenyewe. Aliketi kando ya rafiki yangu, akalinyoosha lile bega la koti, akamwuliza kama amekula.

Rafiki yangu akaitwa kwanza. Mama akainuka naye, na katibu alipojaribu kumzuia, mama alimpita tu, taratibu, jinsi anavyowapita watu wakati wa komunyo. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki na mshenga.

Yaliyotokea ndani nilikuja kusimuliwa. Watu wa jopo walitaka kumtoa mama, lakini profesa wetu, mzee anayekwenda zake na hana cha kupoteza, akasema, "Mama, karibu kiti." Mama akaketi nyuma ya rafiki yangu. Swali likija gumu, na rafiki yangu akiganda, mama alikuwa anamwekea mkono mgongoni, na yeye anaendelea. Mwishoni profesa akamwuliza mama kama ana la kuongeza. Mama akasema, "Mimi sijui hayo mambo. Lakini mtoto huyu amekunywa chai, kwa hiyo mkimwuliza tena atajibu." Hiyo ndiyo intavyuu yake yote, na mimi nasema kwa uchungu kwamba haina kasoro.

Zamu yangu, mzee alitangulia yeye. Nilikaa kwenye kiti, yeye akasimama kando yangu, mikono juu ya fimbo.

Mwenyekiti wa jopo, bibi mmoja mwenye miwani, akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. "Tuambie, kwa nini unaitaka kazi hii?"

Nikafungua mdomo. Mzee akasema, "Nani kasema tunaitaka?"

Chumba kikanyamaza.

"Tulikuwa tunapita," mzee akaendelea, "tukaona mlango u wazi. Tukasema tuwajulie hali. Kumbe mna kiti hakina mtu. Basi tuelezeni nyinyi, kimekosaje mtu?"

Mimi nikamvuta koti. Akaona ni heshima. Kwa desturi binti hasemi, na mshenga anayeonyesha tamaa ameshashindwa. Hayo anayajua vizuri, na aliyafanya yote kikamilifu. Bibi mwenye miwani akauliza kuhusu uchache wa wanafunzi na nina mipango gani. Mzee akatikisa kichwa. "Hapo sasa mmesema kweli. Nyumba ina shida. Binti yetu hawezi kuingia nyumba yenye shida bila kuelezwa shida ilianzaje." Nikasema, "Samahani, ningependa kujibu," naye akanigusa bega, "Tulia, mwanangu, nakutengenezea." Niliwaona wakiandika. Wote walikuwa wanaandika.

Profesa pekee ndiye aliyekuwa na raha. Alinisukumia ukurasa wa Kigiriki, nadhani ili aniokoe. Nikasoma. Nilisoma vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Nilisoma kama mtu aliyeshikwa koo akaachiliwa. Nikaufasiri mstari kwa mstari, na hata yule bibi akaweka kalamu chini. Mzee alinitazama mdomo wazi. Tangu nimjue sikuwahi kumwona amekosa la kusema, nikadhani sasa tumepona. Nilipomaliza akavaa kofia. "Mmesikia wenyewe," akawaambia. "Leo ilikuwa salamu tu. Mkiwa na neno, mnajua kwetu." Akanishika mkono akanitoa nje. Intavyuu yangu aliifunga yeye, na mkate nusu tukauacha kwa katibu.

Kwenye ngazi alikuwa anang'aa. "Tumeshinda," akasema. "Umeona walivyonyamaza? Hao watakuja wenyewe."

Rafiki yangu ndiye aliyenipigia simu majibu yalipotoka. "Wamenipa," akasema, kisha akangoja nimwambie kama bado ni marafiki. Nilimwambia hongera. Nilimaanisha nusu. Ile nusu nyingine niliimaliza kwa mama jikoni, alipokuwa anachambua sukuma.

"Mama, ulimshika yeye mgongo."

"Alikuwa peke yake."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa na mshenga."

"Mshenga ndiye aliyenimaliza, mama."

Akachambua majani mengine mawili matatu. "Hilo sikulijua," akasema.

Wivu niliokuwa nao siku zile sikuwahi kuwa nao kwa mwanamume yeyote. Kazi iliniuma, ndiyo. Lakini kile kilichokuwa kinaniamsha ni ule mkono wa mama kwenye koti la kahawia. Nilirudi juu ya bucha. Nilifundisha dhamiri, shoka likagonga, na nilipokutana na mzee njiani nilimsalimia kwa midomo tu. Yeye hakuona kitu. "Bado hawajaja?" alikuwa akiniuliza, kwa sauti, mbele ya wauza mboga. "Watu wazito hawana haraka." Nilimwambia awaombe rafiki zake wa kanjo wamtafutie daktari.

Muhula ulipofungwa, Jumamosi moja nikiwa naanika nguo, nikasikia mtu anabisha hodi kwa namna ya kizamani, ile ya kusimama mbali na mlango ukingoja mpaka uitikiwe. Nikachungulia. Alikuwa profesa wetu, kofia mkononi. Nyuma yake rafiki yangu, amebeba mkate mzima, sukari na soda, amejifunga leso juu ya gauni. Leso ile naijua. Ni ile ya mama ya sikukuu. Kumbe alimpa siku ya intavyuu, mimi nikadhani imepotea kwenye kamba.

Mama aliwaona, akaniona, akanisukuma chumbani akavuta pazia. Ndani ya dakika moja mzee alikuwa amefika na suti yake. Nani alimwita, Mungu anajua.

Nikakaa kitandani nikisikiliza, mtu mzima na shahada zangu, nimefichwa kama mwali. Profesa akakohoa. Kikohozi kizuri, cha mtu aliyesoma kwa mwenzake. "Tulikuwa tunapita," akasema, "tukaona mlango u wazi."

"Karibuni," mzee akasema, na nikasikia kwamba anatabasamu.

"Kule kwetu Kilatini kina mtu, tena mtu mzuri. Lakini Kigiriki kinalia."

Kisha sauti ya rafiki yangu, ya chini. "Kigiriki alinifundisha yeye, chini ya ngazi. Nikisimama mbele ya darasa nasikia ananikaripia. Siwezi kukifundisha, na nikikiacha kitafungwa. Nimeomba idara, wameniruhusu nimchukue. Kwa muda."

"Kwa muda," mzee akasema. Akaacha lile neno likae hapo mezani karibu na soda. "Kwa hiyo mnamtaka, lakini hamumtaki sana."

Nilisimama. Haki, nilitaka kutoka nje nimzibe mdomo kwa mto. Kigiriki kilikuwa kimekuja mpaka mlangoni kwetu, na huyu mzee alikuwa anakifukuza mara ya pili.

"Kudumu sina uwezo nako," rafiki yangu akasema. "Ningekuwa nako ningekuja nako."

"Hapo nimekuelewa, binti yangu. Basi niulize dogo. Ataketi wapi?"

Kochi likalia, mtu amejisogeza.

"Kwa sababu huyu mtoto wetu," mzee akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo, "tunamwona. Tunamwona kanisani na makaratasi magotini, kwaya inampigia kelele. Mke wangu amemwona kwenye ngazi za mjini, anaandika, watu wanamruka. Anasoma vitu ambavyo mimi nikivisikia nywele zinanisimama. Kwetu binti haendi mahali ambapo hana pa kuketi."

Sikujua kama waliwahi kuniona. Nilikaa tena kitandani.

"Tutaketi chumba kimoja," rafiki yangu akasema. "Kiti ni kimoja, nitatafuta cha pili."

"Kutafuta ni maneno."

Nikasikia mtu anapekua mifuko. Halafu chuma kikagusa sinia. "Huu nilitakiwa niurudishe nilipostaafu," profesa akasema. "Ni wa mlango na wa kabati pia. Sijaurudisha, na hakuna aliyeniuliza."

Mzee hakujibu. Mshenga akinyamaza hivyo, ameridhika.

Pazia likasogea, mama akaingia. Aliifunga upya kiunoni leso yake ya kila siku, akasimama mbele yangu, na alikuwa rasmi kabisa, hata hakuniita jina. Nyuma yake kupitia mwanya niliona mkate mezani haujaguswa, ufunguo kando yake, na rafiki yangu ameketi kwenye ukingo wa kochi letu, magoti yamebanana.

Bado ilikuwa kibarua. Bado ningeingia na kutoka kwa hisani ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyepata nilichokitaka. Yote hayo niliyajua. Lakini katika vyuo vyote vya juu ya maduka, jina langu lilikuwa linabandikwa tu kwenye ratiba, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuja kwetu, akaketi, akangoja nijibu.

"Hawa watu unawajua?" mama akauliza. "Tule mkate wao?"

Mimi wa mdomo, nikautazama ufunguo kwanza. Mama akangoja.

"Nawajua, mama," nikasema. "Kateni."

Mama hakuondoka. Alikuja kando yangu, akaniwekea mkono mgongoni, akanisukuma polepole nitangulie mbele.